Wa Mwisho Wakae Mbele

Siku ya kuniaga, mgeni wa heshima alitoa hotuba ndefu kuhusu mwalimu mzuri. Mwalimu mzuri, alisema, hujulikana kwa wastani wa alama za darasa lake katika mtihani wa kitaifa. Akalirudia hilo, tusije tukalisahau, nami nimeketishwa mbele ya watu na maua ya plastiki shingoni kama ng'ombe aliyeshinda kwenye maonyesho. Mwalimu mmoja kijana aliyekaa karibu nami akaniinamia, akaniuliza kwa adabu kabisa darasa langu bora lilipata wastani wa ngapi. Nikamwambia nitamwandikia. Basi nyinyi mnaobaki na chaki, jibu langu ni hili, na asiyelipenda asubiri hotuba ya mgeni mwingine.

Niseme mapema msije mkasoma hadi mwisho mkitafuta kombe. Darasa langu halikuwahi kuwa namba moja. Halikukaribia hata. Kuna mwaka ambao shule nzima ilishuka kwa sababu yangu, na katika miaka yangu yote ya kazi huo ndio ninaoupenda zaidi. Wakubwa walinisema, wazazi wengine walinisema, na leo nikipewa mwaka huo tena nitaufanya vilevile, tena kwa sauti ya juu zaidi.

Ualimu niliujifunza mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika shule ya msingi ya jiji la Nairobi iliyokuwa upande wa Baba Dogo. Watoto wengine walitoka Lucky Summer, nyumba za mawe, sare zimepigwa pasi. Wengine walipanda kwa miguu kutoka Mathare, viatu wamevishika mkononi hadi langoni ili visiingie matope. Kwenye foleni ya asubuhi wote walisimama pamoja, na mtu asiyejua angeweza kudhani ni shule moja.

Chuoni nilikuwa nimefunzwa kuandaa somo la darasa lenye watoto thelathini, na michoro ya rangi nne. Siku ya kwanza nilifungua mlango wa darasa la nne nikakuta zaidi ya sabini, watatu watatu kwenye dawati, na mmoja amekalia debe. Nikaufunga mlango. Nilidhani nimeingilia mkutano wa watu. Nilipoufungua tena wote wakasimama na kunisalimu kwa Kiingereza cha wimbo, halafu wakaendelea kusimama, kwa sababu sikujua kwamba ni mimi ninayetakiwa kuwaambia wakae. Tulitazamana hivyo kwa muda, mimi na wao, kila upande ukimsubiri mwalimu.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Nekesa, wa darasa la kwanza. Alikuwa mama wa makamo kutoka Bungoma, mnene, wa sauti ya chini, na alikuwa amelifundisha darasa la kwanza muda mrefu kiasi kwamba hata wazazi wengine pale mtaani aliwahi kuwapangusa kamasi. Alinikuta chumba cha walimu saa ya chai nikijifanya kupanga vitabu huku machozi yakinilengalenga. Hakunipa pole. Aliniuliza kama najua kuandika ubaoni, nikasema ndiyo, akasema hebu twende nione.

Kumbe sikujua. Chaki niliishika kama kalamu, ikalia hadi watoto wakaziba masikio. Alinionyesha kuivunja kwanza na kuilaza. Alinikataza kuandika chini ya ubao, maana anayekaa nyuma huko huona visogo vya wenzake tu. Kisha akanipeleka hadi ukutani, nyuma kabisa, akanikalisha kwenye dawati lililovunjika mguu na kuniambia nisome nilichoandika. Sikuweza kusoma hata nusu. Akasema kila siku, kabla hujafundisha, uje ukae hapa kwanza. Mimi nimekaa kwenye dawati la nyuma kila asubuhi tangu siku hiyo hadi juzi nilipostaafu, na goti langu moja linajua hivyo.

Vifaa tulijitengenezea. Tuliokota vifuniko vya soda kwenye vioski, tukavitoboa kwa msumari na kuvitunga kumi kumi kwenye uzi wa gunia, hizo ndizo zikawa hesabu zetu. Gundi tulipika kwa unga wa ngano, na mende waliishukuru sana. Na baba yangu, fundi wa vinyago, Mkamba aliyekuja Nairobi kuwachongea watalii, alinichongea fimbo ya kuonyeshea maneno ubaoni, ndefu, yenye kichwa cha twiga. Aliponipa aliniuliza kama itauma vya kutosha. Watoto waliiita Twiga, na haki ya Mungu haikumgusa mtoto hata mmoja, ingawa mzee alikufa akiamini vingine.

Sasa nije kwenye desturi iliyonifanya nigombane na watu. Kila mwisho wa mwezi kulikuwa na jaribio, na baada ya jaribio watoto walihama viti. Waliofanya vizuri walikaa mbele, karibu na ubao na mwalimu. Waliofuata walikaa nyuma yao, hivyo hivyo, hadi wa mwisho waliofikia ukutani chini ya dirisha lisilo na kioo, pale mvua iliponyesha hadi ndani. Mtoto asiyeelewa tulimpeleka mahali asipoona wala kusikia, kisha mwezi uliofuata tukamshangaa kwa nini bado haelewi. Siku ya kufunga muhula majina yalisomwa uwanjani, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, wazazi wakisikia. Likisomwa jina la mwisho, shule nzima iliitikia kwa pamoja: mkia! Walimu tulicheka pia. Ilikuwa kama sehemu ya wimbo wa taifa.

Nilipopewa darasa la saba, ambalo ningekwenda nalo hadi la nane, nikasema hapana, kwangu hakuna mambo hayo. Baada ya jaribio la kwanza nilisimama na Twiga mkononi nikatangaza: wa mwisho, mbele. Wakadhani nataka kuwachapa. Wakaja wamekunja mabega, nikawaonyesha madawati ya mbele wakae. Wa kwanza nikawapeleka ukutani, chini ya lile dirisha. Mvulana mmoja wa Mathare akaniuliza, "Tichee, hawa si ni wa mkia, mbona wanakaa kama mabosi?" Nikamwambia aulize tena atakapofika huko mbele mwenyewe, na mwezi uliofuata alifika.

Namba moja wetu alikuwa Mueni, msichana wa Lucky Summer, mwenye akili na mwenye kujijua. Siku ya pili baba yake alikuja. Alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja hapo Baba Dogo na alikuja na ovaroli yake ya kazi, uso umemwiva. Alitaka kujua mtoto wake amekosa nini hata akaadhibiwa. Nikamwambia mtoto wake hana kosa, anajua kusoma hata akikaa juu ya paa. Akasema yeye halipi karo ili Mueni anyeshewe. Hapo alikuwa na haki, nikamwomba basi atuletee kioo cha dirisha kwa sababu na wale waliokaa pale zamani walikuwa wakinyeshewa, ila baba zao hawakuja. Alinitazama sana. Kioo hakuleta, lakini alileta kipande cha bati kilichokatwa vizuri na misumari yake, akakipigilia mwenyewe bila kuniaga.

Miongoni mwa waliokuja mbele alikuwako msichana aliyeitwa Atieno. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake, maana alikuwa amerudishwa darasa la sita, akarudishwa na la saba, na alikaa ameinama ili asionekane urefu. Mama yake alikaanga samaki kule Mathare karibu na mto, mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki baada ya minofu kwenda kwa wenye pesa. Ukimuuliza Atieno swali kwa mdomo alijibu, polepole lakini sawasawa. Ukimpa karatasi aandike, kengele ililia akiwa bado kwenye kichwa cha habari, na alichoandika kilikuwa kimepinda kama nyayo za kuku. Nilimkalisha mbele kabisa mwaka mzima. Alama zilipanda kidogo tu, na sikujua kwa nini hazipandi zaidi. Nilimwita mvivu kwenye mawazo yangu, nikaacha, nikamwita tena.

Tulipoingia darasa la nane, muhula wa kwanza, ulikuwa wakati wa kusajili watahiniwa wa mtihani wa kitaifa. Hapa mnielewe vizuri, kwa sababu jambo hili lilifanyika shule nyingi na hakuna aliyeliita kwa jina lake. Kabla ya usajili, hedimasta aliwaita wazazi wa watoto dhaifu mmoja mmoja ofisini. Aliwakaribisha vizuri, akawapa kiti, kisha akawaambia mtoto hajaiva, ni vyema arudie darasa la saba. Mzazi akikataa, aliambiwa ampeleke akafanyie mtihani kwenye shule nyingine huko bondeni, ambako hakuna anayehesabu wastani. Wazazi wengi walikubali na kumshukuru. Mtoto akitoka, wastani unapanda, na mwalimu wa darasa anaitwa mwalimu mzuri.

Hedimasta wetu hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kumlipia mtoto wa mlinzi hospitali, na alijua majina ya watoto wengi kuliko mimi. Lakini alikuwa na hofu. Akademia za binafsi zilikuwa zinaota kila kona ya mitaa ya Eastlands kama uyoga, na kila tulipoteremka wastani, wazazi wa Lucky Summer waliwahamisha watoto wao. Aliniita akanitajia watoto watano wa darasa langu. Atieno alikuwa wa kwanza kutajwa. Alitaka mimi ndiye niwaeleze wazazi, kwa sababu wananiamini. Nikamwambia nitafikiria, maana nilikuwa bado sijajua nitamkatalia vipi, nilijua tu kwamba nitamkatalia.

Jioni hiyo nilishuka Mathare nikamkuta Mama Atieno kwenye karai lake la mafuta. Sikuwa nimemwambia lolote lakini aliponiona tu alifuta mikono akasema, "Mwalimu, kama umekuja kuniambia arudie, usikae." Alinieleza kwa kifupi. Atieno akirudishwa tena, basi shule imekwisha. Shangazi yake wa mtaa wa Umoja alikuwa amejifungua na alishamtaka akamlelee mtoto. Mama mwenyewe alikuwa amemkatalia shangazi mara mbili kwa sababu ya mtihani huo, na asingekuwa na la kumjibu mara ya tatu. Kisha akauliza swali ambalo mzazi hapaswi kulazimika kumuuliza mwalimu.

"Niambie ukweli. Mtoto wangu ni mjinga?"

Nikasema hapana. Akaniuliza nimejuaje. Nilipanda kilima kurudi nyumbani nimemkasirikia hedimasta, shangazi wa Umoja, dunia yote na mimi mwenyewe. Kusema hapana ni rahisi, lakini mama yule alistahili sababu.

Sababu niliipata asubuhi, kwa bahati tu na kwa mazoea aliyonifunza Mwalimu Nekesa ya kuja mapema kukaa nyuma. Nilipofika, Atieno alikuwa ameshaingia. Ilikuwa zamu yake kufagia. Alikuwa peke yake, amempa mgongo mlango, Twiga amembana kwapani, na anaandika ubaoni akiigiza mimi, hata ile sauti yangu ya puani ameipata. Aliandika sentensi nzima, akaandika nyingine. Herufi zilikuwa zimenyooka, za mtu mzima, na alikuwa anaenda mbio. Nikasimama mlangoni nimeduwaa. Chaki ilikuwa kwenye mkono wa kushoto.

Alipogeuka akaniona, aliihamisha chaki mkono wa kulia upesi, kama mtu aliyeficha kitu cha wizi. Akaomba msamaha. Nikamwambia aendelee kuandika. Akaandika kwa mkono wa kulia, na zile nyayo za kuku zikarudi palepale mbele ya macho yangu. Nilimuuliza nani alimwambia asitumie huu mwingine. Akatazama chini, akasema ni zamani, darasa la kwanza.

Darasa la kwanza. Mnajua ni nani alikuwa darasa la kwanza.

Nilingoja saa ya chai. Nilitamani kunyamaza, kusema kweli, kwa sababu mwanamke yule ndiye aliyenifanya mwalimu na nilimpenda kama dada wa mama. Lakini nilikwenda nikakaa karibu naye nikamweleza nilichokiona. Aliweka kikombe chini. Akaniambia, bila kujitetea, kwamba anakumbuka. Wakati huo mtoto wa kushoto alikuwa anarekebishwa, ndivyo walivyofunzwa, maana mkono wa kushoto haupokei kitu, haumpi mkubwa kitu, wala haushiki kalamu. Wenzake waliwachapa watoto hao. Yeye hakumchapa Atieno. Alimfunga ule mkono na kitambaa, kitambaa laini alichokitoa nyumbani, na kila jioni alimfungua mwenyewe na kuusugua. Aliona anafanya wema.

"Kavata, mlete kwangu," akasema. "Mimi ndiye niliyeuvunja huo mwandiko. Nitaujenga mimi."

Ndugu zangu, nimehudhuria semina nyingi za ualimu, nyingine hotelini na chakula cha bure, lakini sijaona somo kama lile. Mwanamke mwenye mvi, ambaye wakaguzi walimwogopa, alikaa kila siku baada ya masomo kwenye benchi la darasa la kwanza, magoti yakikaribia kidevu, kando ya msichana mrefu wa darasa la nane, wakaanza upya na a, e, i, o, u. Siku ya kwanza alimwomba radhi. Hakumwita faraghani, alimwomba pale pale mbele ya vitoto vya darasa la kwanza vilivyokuwa vinasubiri kuchukuliwa. Atieno alilia hadi somo likavunjika. Mgeni wetu wa heshima akija tena, mwulizeni kitendo hicho kinaongeza wastani kwa alama ngapi.

Mimi nilirudi Mathare na sababu yangu. Mama Atieno alisikiliza, akageuza samaki, akasema mkono huo hata yeye alimkataza. Mtoto akila kwa mkono wa kushoto mbele ya wageni, watu husema mama hakumfunza adabu. Nikamwambia mtoto ale kwa mkono anaoutaka yeye mama, lakini kalamu aniachie mimi. Akacheka kidogo. Kisha nikamweleza jambo ambalo wazazi hawakuambiwa, kwamba ofisini hatakuwa ameitwa kuamrishwa, atakuwa ameitwa kukubali, na asipokubali hakuna atakayemwondoa mtoto wake darasani. Nilikwenda kwa wazazi wa wale wengine wanne nikawaambia hivyo hivyo. Ndiyo, nilizunguka nyuma ya mgongo wa mkubwa wangu. Nilizunguka kwa miguu yangu mwenyewe na sikutubu.

Mama Atieno alipoitwa alikuja na aproni yake, harufu ya samaki ikatangulia ofisini. Nilikuwako. Hedimasta alimpa kiti, akaanza maneno yake mazuri ya mtoto kuiva. Mama akamsikiliza hadi mwisho, akamshukuru kwa kiti, akasema mtoto wake atafanya mtihani hapa, alipoanzia. Hedimasta akanigeukia akaniambia nimweleze mama huyu.

"Nimeshamweleza," nikasema. "Ndiyo maana amekataa."

Alipotoka mama, hedimasta alifunga mlango. Hakupiga kelele. Aliniambia nitaiangusha shule kwa ajili ya watoto watano, na kwamba sitakuwepo kuiinua. Akauliza mimi ni mwalimu wa aina gani nisiyejali matokeo. Nikamjibu kwamba nayajali sana, ila mimi sijaajiriwa kuchagua nani wa kufundishwa, hao nimekabidhiwa wote. Nikamwambia pia kwamba daktari anayefukuza wagonjwa mahututi ili wodi yake ionekane nzuri tungemshtaki. Hilo la daktari halikumfurahisha. Majina yalikwenda yote, na la Atieno likiwamo.

Mwaka ule tulifanya kazi, msidhani ilikuwa ni ushujaa wa mdomo. Mueni na wenzake wa ukutani niliwapa kazi ya kuja mbele kusahihisha na wale wa mbele, na Mueni akagundua kwamba ukimfundisha mtu hesabu za sehemu, unazijua zaidi wewe. Atieno aliandika kwa mkono wa kushoto mbele ya darasa. Siku ya kwanza wakamcheka, "Ona anaandika kinyumenyume!" Nikamkabidhi kila mmoja wao kalamu kwenye mkono wa kushoto na kuwaambia waandike insha. Baada ya mistari miwili hakuna aliyecheka. Mkono haukuwa dawa ya kila kitu. Miaka ya kutomaliza karatasi ilikuwa imemwachia mashimo mengi, hesabu hasa, na muda ulikuwa mfupi. Lakini siku ya mtihani wa insha nilimngoja mlangoni, akatoka akaniambia, "Tichee, nimemaliza. Nimemaliza hadi nukta." Nikaingia chooni kulia, maana mwalimu halii uwanjani.

Matokeo yalipotoka, Januari, hedimasta aliwaita watahiniwa na wazazi mbele ya shule nzima. Akasema kwanza kwamba wastani wetu umeshuka, na shule jirani imetupita. Alisema bila kunitazama na kila mtu akanitazama. Kisha akaanza kusoma majina kutoka wa kwanza. Mueni akaitwa, akaenda kusimama mbele karibu na bendera, makofi. Majina yakaendelea. Jua lilikuwa limepanda. Nilikuwa nimesimama na Mwalimu Nekesa, ameushika mkono wangu, na kadiri karatasi ilivyoisha alinibana zaidi. Likabaki jina moja.

Atieno alikuwa wa mwisho. Nasema wazi, msije mkadhani nawaletea hadithi ya sinema. Aliandika kwa mkono wake, alimaliza kila karatasi, alipata alama nyingi kuliko alizowahi kupata maishani, na akawa wa mwisho. Hedimasta alilisoma jina. Watoto wa madarasa ya chini wakavuta pumzi kuitikia, nikaona midomo ikifunguka.

"Wa mwisho, mbele!"

Sijui ni nani katika darasa langu aliyeanza. Wengine wakadakia hapo hapo, darasa zima, kama nilivyowazoesha kila mwezi kwa miaka miwili, wakipiga makofi yale tuliyopiga kila tulipohama viti. Lile neno mkia likafia midomoni mwa watoto. Atieno aliangalia huku na huku. Kisha akanyoosha mgongo, na hapo ndipo shule ilipoona urefu wake, akatembea kupita mbele ya hedimasta mwenye karatasi hadi pale penye bendera. Mueni alisogea kushoto, akampisha mahali pake. Kutoka upande wa wazazi ikatoka sauti moja ya vigelegele, ya mama mwenye aproni, na Mwalimu Nekesa akauachia mkono wangu ili apige vigelegele vyake.

Muhula huohuo nilihamishwa. Sikuambiwa sababu, na sikuuliza kwa sababu sikutaka kumsumbua mtu kutunga uongo. Nilifunga vifuniko vyangu vya soda, nikamchukua Twiga, nikaenda. Shule niliyopelekwa walikuwa wanakaa kwa namba vilevile. Mwezi wa kwanza ulipokwisha nilisimama mbele ya darasa nikasema maneno yaleyale, na mzazi mmoja akaja kulalamika kesho yake. Nikamkaribisha kiti.

Atieno alikuwa na cheti. Si kizuri, lakini ni cha kumaliza darasa la nane, na bila hicho chuo cha ufundi kisingempokea. Hakwenda Umoja. Leo ana kibanda chake kwenye soko la Kariokor, anashona viatu vya ngozi, na wateja wapya humshangaa kwa mkono anaoshikia sindano. Viatu nilivyovaa siku ya kuagwa, ambavyo mgeni wa heshima alivitazama akadhani nimesahau kuvaa vizuri, ni vyake.

Kwa hiyo, mwalimu wangu kijana, uliuliza wastani. Wa darasa hilo sikuuandika popote, na hata ningekuwa naujua nisingekupa. Ukiulizwa mwenyewe habari zangu, waambie hivi: darasa la nane la Mwalimu Kavata, mwaka ule, walifanya mtihani wote.